Usinichekeshe, Wifi

Lori lilikuwa limeshaanza kutambaa kabla Evodia hajatua vizuri. Meshack, mumewe, alimteremsha kutoka kwenye kabini kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayeshusha tenga la mayai, akampa mtoto, akauweka mfuko wa salfeti miguuni pake, kisha akakimbia kulidandia lori kwa nyuma. Meshack alikuwa utingo. Utingo akibaki njiani kwa sababu ya mke, mke atakuwa naye lakini kazi ndiyo basi.

"Mama yuko njiani anakuja!" alipaza sauti kutoka juu ya turubai. "Nikifika Tunduma nitapiga!"

Dereva alipiga honi, nayo ilikuwa salamu yake kwa mzazi. Lori lilikuwa linakwenda Mwimbi kupakia mahindi. Lilipokata kona, Evodia alibaki na vumbi, na upepo ule wa mwezi wa sita unaopita juu ya Ufipa bila kitu cha kuuzuia. Alitamani kukaa chini. Hakukaa, maana hakujua angeinuka vipi.

Silvana, mama mkwe wake, alitokea kwenye njia ya mashamba akitembea kwa kuchechemea, magoti yakimsumbua kama yanavyomsumbua kila baridi ikiingia. Alimpokea mtoto kabla ya salamu kuisha, akamfunua uso, akamgeuza huku na huku.

"Masikio ya babu yake Romani haya," alisema. "Hapa hakuna ubishi." Akajitwika mfuko kichwani, akamkumbatia mtoto, akatangulia. "Twende, mama Ignasi. Ulezi umekauka, ndege wanatushinda."

Evodia alimfuata amejikunja, mkono mmoja chini ya tumbo kana kwamba kuna kitu kingeanguka asipokishika. Njia haikuwa ndefu, lakini ilikuwa na mabonde mawili. Kila aliposhuka alihisi nyuzi zikivuta, na kila alipopanda zilivuta upande mwingine.

"Mbona umejikunja kama kizee?" Silvana aliuliza bila kugeuka. "Simama wima, mwili utazoea."

"Mshono unavuta, mama. Unauma."

"Si walikuchoma ganzi?"

"Ganzi iliisha siku ile ile."

"Aa." Silvana alitembea hatua kadhaa akilitafakari jambo hilo. "Mimi nimezaa saba. Huyo mumeo nilimzaa natoka kisimani, na ndoo sikuimwaga."

Evodia aliendelea kutembea. Baada ya muda mama mkwe alikuwa mbali mbele, na sauti ya mtoto ilikuwa inafika na upepo tu.

Silvana hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuuguza surua, malaria, na mtoto aliyeungua kwa uji wa moto, wote wakapona mikononi mwake. Ila katika nyumba ile hakuna mwanamke aliyewahi kupasuliwa. Tumbo lililokatwa yeye alilijua kwa nguruwe wa sikukuu. Mtu aliyekatwa akashonwa, kisha akatoka hospitali kwa miguu yake, kwake yeye alikuwa amepona. Asingepona, wangemtoaje?

&nbsp;

Nyumba ya Romani na Silvana ni ya matofali ya kuchoma na bati, na jiko lake liko nje, mlango wake ukitazamana na dirisha la chumba cha Meshack. Evodia alilazwa katika chumba hicho. Moshi ukiamua kuingia, unaingia.

Hospitalini mjini walikuwa wamempa vidonge vya maumivu vya aina mbili kwenye vipakiti, vyeupe na vyekundu. Nesi aliyempa alikuwa na wazazi wengine nyuma yake, akasema upesi upesi: umeze baada ya kula, asubuhi, mchana na jioni, usisubiri maumivu yapande ndipo umeze. Evodia alishika maneno hayo. Siku za mwanzo alimeza kama alivyoambiwa, na vilisaidia kweli. Maumivu hayakuondoka, ila yalikaa pembeni, yakamwachia nafasi ya kujigeuza, kukaa, na kumweka Ignasi kwenye titi bila kuuma meno. Alidhani kazi ngumu imekwisha.

Ndipo alipokuja wifi yake.

Justina, dada yake Meshack, ameolewa nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuja na wenzake wawili, unga wa ulezi kwenye ungo na mayai kwenye kitambaa. Waliongea Kifipa tangu mlangoni. Evodia amelelewa na shangazi yake huko Malangali, mjini, shangazi mwenye genge la mboga. Kifipa anakisikia chote, lakini ulimi wake hujibu kwa Kiswahili. Hilo lilikuwa limeshaonekana tangu alipoolewa.

Sasa, wifi kule haji kwa mzazi kukaa kimya. Anakuja kutania. Akikutania mpaka ukashika mbavu, ujue amekukubali na mtoto amemkubali. Nawe unatakiwa umrudishie, tena kwa nguvu. Asiyerudisha anasema, bila kusema, kwamba wewe si ndugu yangu.

"Wifi," Justina alianza, akikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitanda kikayumba, Evodia akafumba macho. "Tumesikia wenzetu mnazaa kwa zipu. Daktari anafungua, anachukua mtoto, anafunga. Na sisi tunasukuma huku tunaita watakatifu wote, mpaka Mtakatifu Yosefu anaziba masikio!"

Wenzake walicheka. Evodia alitabasamu kwa midomo tu.

"Mwakani ni kufungua tu," Justina aliendelea. "Ila mwambie kaka asiipoteze ile kamba ya zipu, mnajua yule kwa kupoteza vitu. Alipoteza ng'ombe wa jirani, akaja nyumbani na mbuzi, anasema huyu amekonda njiani!"

Hadithi hiyo ilikuwa ya kweli, na Evodia alikuwa anaijua. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Kilimpasua. Hakuna neno lingine. Alihisi kama mtu ameingiza vidole kwenye mshono na kuuvuta pande mbili. Akakamata godoro, machozi yakamtoka, na kadiri alivyojaribu kukizima kicheko ndivyo kilivyomtetemesha tumbo.

"Usinichekeshe," alisema. "Wifi, usinichekeshe."

"Haya, mmemsikia? Anaomba asichekeshwe!" Justina alipiga makofi. Katika utani, anayesema basi ndiye anayeomba zaidi. "Bado sijakwambia alivyokwenda kuposa, suruali nyuma mbele..."

"Nyamaza!" Evodia alipiga kelele kwa Kiswahili. "Nyamazeni! Tokeni nje!"

Mtoto alishtuka akaanza kulia. Justina aliinuka taratibu, akajifunga kitenge upya ingawa hakikuwa kimelegea.

"Samahani, mama wa mjini," alisema, naye sasa kwa Kiswahili. "Hatukujua tumeingia ofisini."

"Wifi, siyo hivyo. Ni mshono..."

"Mshono unazuia kucheka? Mdomo nao wameushona?"

Hakusema hilo kwa utani. Waliacha unga na mayai, maana zawadi ya mtoto hairudishwi, wakaondoka na ungo wao. Evodia aliwasikia wakipita chini ya dirisha. Hawakuwa wanacheka wala kusema. Angefurahi kama wangemsema.

&nbsp;

Justina ndiye aliyetegemewa kuchota maji, kufua nguo za mtoto na kushinda na mzazi wakati wa kuvuna ulezi. Hakuja kesho yake wala keshokutwa. Alipoulizwa kisimani alisema ana kazi zake, na mzazi wa mjini anajua kujihudumia. Basi maji yakawa ya Silvana, kuni za Silvana, nepi za Silvana, na shamba zima la ulezi, linalovunwa suke moja moja kwa kisu kidogo, nalo likawa la Silvana.

"Ulimfukuza mtu aliyekuja kukupenda," alimwambia Evodia, akimwekea uji kwenye stuli. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka. "Mimi sikuelewi."

"Nikicheka naumia, mama."

"Mtu anaumia kwa kucheka?" Silvana alitikisa kichwa. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akaanza kuyasugua magoti kwa viganja, uso umekunjamana. "Haya magoti ndiyo maumivu. Haya yatanizika."

Evodia alimtazama. Tangu afike, huyu mama alikuwa hajakaa naye. Anaingia, anaweka, anachukua, anatoka. Sasa alikuwa amekaa.

"Mama, nina vidonge vya maumivu. Jaribu."

"Vya hospitali?" Silvana alikunja pua. Lakini akapokea viwili vyekundu, akavimeza kwa uji wa Evodia.

Siku ya pili jioni alirudi na kikapu kimejaa masuke, akiimba wimbo wa kwaya. Aliingia moja kwa moja chumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akitoka shambani. "Mama Ignasi, vile vidonge vyako! Nimeinama, nimeinuka, nimeinama tena, kama msichana. Mzee ananiuliza, wewe una nini leo? Nikamwambia, niulize kesho!" Akacheka, akamchukua mjukuu, akakaa kitandani, akasimulia nani kaanza kuvuna na nani mbuzi wake wameingia shamba la mtu.

Asubuhi alisimama mlangoni, kiganja wazi. "Nipe vile vya magoti."

Evodia alisikia jinsi jina la vidonge lilivyobadilika. Alitoa. Silvana alikaa kidogo na kuongea kidogo, akaenda shambani. Asubuhi iliyofuata vilevile. Zile dakika chache ndizo pekee katika siku nzima ambazo mtu mzima alimtazama Evodia usoni na kumwambia habari, na ziligharimu vidonge viwili. Vyekundu vilipopungua, akaanza kutoa vyeupe pia. Yeye alimeza nusu jioni, kisha robo aliyoikata kwa kucha, kisha akawa anajiambia kwamba leo hali ni nafuu.

Haikuwa nafuu. Maumivu yaliyokuwa pembeni yalirudi yakakaa katikati ya chumba. Alijifunza kupumua juu juu tu. Moshi wa jikoni ulipoingia na kikohozi kumkereketa kooni, alikimeza kwa hofu, macho yamemtoka. Alianza kuogopa hata kumnyanyua Ignasi, na mtoto akinyonya alijikaza kiasi kwamba maziwa nayo yalianza kuja kwa shida. Mtoto akilia, naye hulia, bila sauti, kwa sababu kulia nako kunatikisa tumbo.

Meshack alipiga simu kutoka Tunduma. Nyuma yake zilisikika honi na watu wakibishana bei ya kitu.

"Mke wangu! Mzima? Tumekwama hapa, foleni mpaka tumesahau kuoga. Mtoto?"

"Mzima. Meshack, mimi naumwa..."

"Eh? Ongea kwa nguvu."

Hakuweza kuongea kwa nguvu. Nguvu hutoka tumboni. "Naumwa," alisema tena.

"Anasema anaumwa," Meshack alimwambia mtu, na sauti ya kiume ikasema kitu, wakacheka. "Dereva anakupa pole. Anasema mkewe alikuwa hivyohivyo, vumilia. Nipe mama niongee naye."

Aliongea na mama yake mpaka salio likaisha. Waliongea habari za ulezi.

&nbsp;

Vidonge viliisha siku ya upepo mkali. Asubuhi Silvana alisimama mlangoni, Evodia akamwonyesha kipakiti kitupu.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, mama."

Silvana alikitazama kipakiti kama mtu anayetazama debe alilodhani lina mafuta. Hakukaa. Alimwacha mtoto amelala katikati ya kitanda, akachukua kisu na kikapu, akaenda akichechemea.

Jua lilipopanda Evodia ilimbidi atoke kwenda chooni, nyuma ya jiko. Kwenda alikwenda, akishika ukuta. Wakati wa kurudi, kwenye kona ya jiko, upepo ulimpulizia majivu usoni na kikohozi kikamtoka. Kimoja tu. Alijikuta amekaa chini kwenye matofali, mikono imebana tumbo. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Alijaribu kujigeuza apige magoti, akashindwa. Ndani, Ignasi akaamka na kuanza kulia.

Kijiji chote kilikuwa mashambani. Evodia aliita mara moja, sauti ya mtu anayenong'ona. Mtoto alilia, akanyamaza, akalia tena kwa sauti ya ukali kuliko ya mwanzo. Kutoka pale alipokaa mpaka kitandani ni hatua ambazo angezimaliza kabla hujasema jina lako. Hakuwa nazo.

Ndipo aliposikia kikohozi. Si chake. Kilikuwa cha Romani, baba mkwe wake.

Romani alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye kazi ya kuchonga mipini. Tangu Evodia aolewe walikuwa hawajawahi kukaa sehemu moja. Mkwe wa kike na baba mkwe hawagusani, hawaingiliani vyumbani, na mzee hapiti karibu na dirisha la mkwewe bila kukohoa kwanza ili mkwe ajistiri. Kwa kukohoa huko Romani alikuwa hodari kuliko mtu yeyote kijijini.

Alikohoa tena, kutoka upande wa pili wa jiko.

"Mkwe," alisema. "Mtoto analia."

"Namsikia, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hujakwenda kumnyamazisha."

"Nimeanguka, baba. Siwezi kuinuka."

Hewani palikuwa na sauti ya mtoto tu. Kisha mzee alijitokeza kwenye kona akitembea kinyumenyume, mgongo umemwelekea Evodia, uso kwenye milima, mpini mpya wa jembe mkononi. Aliusogeza nyuma yake mpaka ncha ikafika mbele ya Evodia.

"Shika hapo," alisema. "Mimi nashika huku. Sivuti. Wewe ndiye utakayevuta, mimi nitakuwa nguzo."

"Nitakuangusha, baba."

"Nimeangushwa na fahali nikaamka. Shika."

Evodia alishika. Alivuta, akalia kwa sauti, sasa kweli, hakujali tena. Mzee aliyumba, akakita visigino ardhini, akasimama. Mpini ulitetemeka kati yao. Alipofika wima Evodia aliegemea ukuta, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, na Romani bado alikuwa anatazama milima.

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Una dawa?"

"Zimeisha."

"Za hospitali? Zimeisha mapema hivyo? Mkwe?"

"Zilimsaidia mama magoti," Evodia alisema.

Romani alikuwa amemsikia mkewe akiimba jioni zile zote, na alikuwa amefurahi. "Haya," alisema. "Nenda kwa mtoto. Shika ukuta." Akaondoka bila kugeuka, na muda si muda Evodia, akiwa kitandani na mtoto kifuani, alisikia mnyororo wa baiskeli.

&nbsp;

Lydia, nesi wa zahanati, alifika mchana kwa pikipiki, amekasirika tangu barabarani. Peke yake ndiye aliyekuwa zamu, na ameacha watu kwenye benchi. Alimfunua Evodia, akautazama mshono, akabonyeza pembeni.

"Haujafumuka. Una bahati. Hapa pembeni panatoa maji, nitapasafisha, na utakuja nipaangalie tena." Alimfundisha kugeuka ubavu kwanza ndipo ashushe miguu. Akakunja khanga mara nyingi mpaka ikawa nene kama mto, akaibana kwenye tumbo la Evodia. "Ukikohoa, bana hivi. Ukicheka, bana hivi. Hawakukwambia?"

"Hawakuniambia."

"Au hukusikiliza. Kohoa."

Evodia alikohoa, khanga imebanwa. Iliuma, lakini iliuma kama kitu kinachovumilika. Alitaka kulia kwa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo.

Silvana alikuwa amerudi. Romani alipita shambani kumwita, hakumwambia kwa nini. Sasa alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, kisu bado mkononi, uzito wote kwenye mguu mmoja.

"Sasa," Lydia alisema, "hospitali walikupa dawa za kukutosha mpaka mwisho wa wiki na zaidi. Ziko wapi?"

Evodia alimtazama mama mkwe wake, na mama mkwe akayatazama masuke ya ulezi.

Angesema, ingekuwa kweli. Ingekuwa pia imezunguka kijiji kabla ya jua kuzama, kwamba mkaza mwana wa Silvana amemtuhumu wizi mbele ya serikali. Na asubuhi mlango ule ungebaki hauna mtu.

"Nilimeza zote," Evodia alisema. "Maumivu yalizidi."

"Zote?" Lydia alisimama wima. "Unajua figo ni nini? Unanyonyesha! Ninyi watoto wa mjini mnasoma, mnashika simu kubwa, mkiambiwa vitu vitatu hamwezi kushika kimoja. Unataka kumwacha huyu mtoto na nani?" Akamgeukia Silvana. "Na wewe mama, mtu mzima humu ndani, hukumwangalia?"

Silvana aliinua macho. Ilikuwa nafasi yake, na nafasi ile ilikuwa pana.

"Hawa wa siku hizi, nesi," alisema. "Utawaweza?"

Nje, chini ya dirisha, Romani alikohoa. Hakuwa anapita. Alikohoa mara nyingine, kama mtu mwenye neno kooni, kisha nyayo zake zikaenda upande wa kihenge.

Lydia aliacha panado, ndizo alizokuwa nazo, akazihesabu mbele ya Evodia kama anavyohesabiwa mtoto peremende, akamkabidhi Silvana azitunze. Akaondoka na pikipiki yake.

Jioni Silvana aliingia na uji. Alikaa kwenye kigoda, si kitandani. Alitoa vidonge viwili kutoka kwenye fundo la kitenge, akampa, akangoja mpaka vikamezwa.

"Ungesema kwamba unaumwa kiasi hicho," alisema.

"Nilisema, mama."

"Ulisema lini?"

Evodia alifikiri kuanzia wapi. Barabarani, siku ya kwanza. Siku ya Justina. Kwenye simu, Silvana akiwa amesimama pale pale. "Nilisema," alirudia.

Silvana alichukua kijiko akakoroga uji ambao haukuwa wake. "Basi mimi sikusikia," alisema. Akaweka kijiko, akashika magoti, akainuka kwa taabu, akatoka.

&nbsp;

Ulezi wa mwaka ule uliingia wote ghalani isipokuwa vipande viwili vya mwisho, ambavyo ndege walivimaliza. Mshono wa Evodia ulifunga baada ya kusafishwa zahanati mara kadhaa. Romani alimpeleka kwa baiskeli akiisukuma kwa mbele, yeye amekaa nyuma ameshika tandiko, na njia nzima hawakusema kitu.

Meshack alirudi masuke yameshapurwa, na blanketi na sukari. Alimkuta mkewe anatembea, akasema umepona haraka. Sasa ni dereva, anaendesha mpaka ng'ambo ya mpaka, na nyumbani anaonekana mara chache kuliko alipokuwa utingo.

Justina alizaa mwaka uliofuata, kwa kusukuma. Evodia alimchotea maji na kumfulia. Walisalimiana vizuri kila siku, na hawajataniana tena.

Romani alifariki wakati wa masika, kwa ugonjwa wa kifua. Lydia alihamishwa akapelekwa zahanati nyingine, bondeni. Silvana hawezi tena kwenda shambani. Anakaa barazani na wageni, na akipenda huwasimulia jinsi alivyomuuguza mkaza mwana wake aliyepasuliwa, usiku na mchana, mpaka akasimama. Evodia akiwepo huwa anamimina chai.

Ignasi ameanza shule, masikio ni yale yale.

Mtoto wa pili, Edith, naye alizaliwa kwa upasuaji. Safari hii Evodia hakurudi kijijini. Alikaa Malangali kwa shangazi yake, kwenye chumba cha nyuma, na vidonge alivimeza vyote, asubuhi, mchana na jioni, baada ya kula. Shangazi alikuwa anatoka kwenda gengeni alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia, na mchana kutwa hakuna mtu aliyesimama mlangoni.